Dawa ya Kupe Kidimbwini

Baba,

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hivyo usinisahihishe mwandiko. Mwanao Mutwiri ameua mto wako.

Jana ilikuwa ukumbusho wa kifo chako. Mutwiri akasema wageni wapewe samaki, kwa sababu Mzee alikuwa mtu wa samaki. Ati heshima! Watu hawa hawa wa Githongo waliokuita mla nyoka kila ukipita na samaki wako wa trauti kwenye kikapu, kwa sababu kwao samaki ni nyoka wa majini. Nikasema sawa, tununue sokoni. Kumbe yeye na marafiki zake walikuwa wameshuka mtoni alfajiri. Fimbo zako za kuvulia wakaziacha ukutani, wakamwaga dawa ya kupe kwenye kidimbwi chini ya maporomoko. Kile kile ulichonikataza hata kukikaribia mvua ikianza, kwa sababu samaki wanataga.

Walielea matumbo juu, Baba, wakubwa kwa wadogo. Hata wale wa urefu wa kidole. Hata vyura. Mutwiri akaingia na gunia limejaa, anacheka: "Dada, leo Mzee atafurahi."

Nilimnyang'anya gunia nikalimwaga lote kwenye shimo la choo, mchungaji wa kanisa akiangalia. Shangazi akasema nimewaaibisha. Aibu gani? Angetaka wageni walishwe sumu? Wakala githeri ya mahindi na maharagwe, na tangu hapo Mutwiri haniongeleshi. Akae hivyo hivyo.

Na wewe pia nimekukasirikia, sikufichi. Miaka yote ulinipeleka mtoni mimi peke yangu, yeye ukamwachia ng'ombe. Ulimfundisha kuchanganya dawa ya kupe, basi. Hicho ndicho alichojua, na hicho ndicho alichokuletea. Ulitarajia nini?

Jioni nilishuka kuangalia. Juu ya maporomoko dawa haikufika. Niliona trauti wadogo wanacheza kwenye mawe, nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Sasa nisikize. Jumamosi nitamburuta Mutwiri mpaka pale juu, anune asinune. Nitampa fimbo yako, na akitoa samaki nitampigia kelele vile ulivyonipigia: "Lowesha mkono kwanza! Mkono mkavu unamchoma!" Halafu atamrudisha majini mwenyewe, nikiangalia. Mvua ikianza tutalinda ukingo sisi wawili, na aje mtu na chupa yake ya dawa aone.

Lala, Baba. Lakini usifurahi bado.

Kendi wako