Mfuko wa Mbele

Rumonge, mtaa wa Waswahili
9 Agosti 2025

Kwa dada yangu Mwanahamisi,

Asalaam alaykum, na amahoro, amani ya huku kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Abdoulkarim na bibi harusi wetu Sabrina, na kwamba goti lako limeacha kukuhesabia ngazi. Sisi huku hatujambo. Hadija, mke wangu, anakusalimu sana. Anasema umwekee kitenge cha harusi, lakini ukimpa kile cha rangi ya mchicha nitarudi nacho kwa ndege hiyohiyo niliyojia. Ziwa limerudi nyuma kidogo. Limeniachia mstari wa matope ukutani mwa studio, usawa wa paja, umenyooka kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga mimi.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na simu iko. Barua nimempa Ange, yule muuguzi wa Gatete, ambaye anaruka Jumatatu kwenda kwa binti yake hukohuko kwenu Kanada. Kwenye simu ningecheka. Unanijua, dada: mimi nikibanwa hucheka, na wewe ukisikia nacheka unaweka simu chini ukiamini mambo ni sawa. Kalamu haijui kucheka. Basi soma polepole, na univumilie, maana mwanzoni nitakuchosha kwa habari za begi, ambazo ndizo ulizoniagiza.

Viza nimepata. Yule mama wa dirishani alisoma jina langu mara mbili, akaniuliza mimi ni Waziri wa nini. Nikamjibu kwamba sina wizara, nina kamera mbili na kisigino kinachouma. Hakucheka, lakini Alhamisi pasipoti ilirudi na viza ndani. Kwa hiyo safari ni tarehe 2 Septemba. Nina miaka hamsini na miwili na sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko mchikichi wa baba, na huo nao unakumbuka nilivyoshuka.

Masharti ya ndege uliyonisomea nimeyaandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Begi la mkononi lisizidi sentimita hamsini na tano kwa arobaini kwa ishirini, magurudumu na vishikio vikihesabiwa humo humo, na uzito wake usipite kilo saba. Betri zikae nami juu, zisiende kwenye tumbo la ndege. Halafu ukaongeza masharti yako, ambayo ni makali kuliko ya ndege. Kamera zisiende chini, kwa sababu mizigo ya chini hurushwa kama mafungu ya ndizi. Na negatifu ya Abasi, hiyo hasa, isitoke mkononi mwangu. Unataka picha yake isimame kwenye meza ya harusi ya mdogo wake, mtoto aliyetuacha akiwa na miaka sita na ambaye huna picha yake hata moja. Ukaniambia mashine za uwanja wa ndege zinaweza kuiunguza, niiweke kwenye mfuko wa mbele, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua begi zima, nimwombe askari aitazame kwa macho tu. Umenipigia mara sita tangu mwezi wa sita, na kila mara, kabla hata ya salamu, swali ni lilelile: begi lina kilo ngapi?

Haya, sikiliza. Kwanza nilijaribu sanduku la chuma la studio. Hadija aliniangalia nalo mlangoni akasema huko Kanada watadhani naenda kuwang'oa watu meno. Nikaliweka chini.

Kisha Marguerite, mwalimu jirani yetu, yule aliyekulia kambini Tanzania na anayesema Kiswahili cha redioni, aliniazima sanduku lake la magurudumu. Alinikabidhi kama anayeoza binti, akaniambia halina mkwaruzo na nisilitie aibu mbele za wageni. Nikalipima kwa utepe. Lenyewe lilikuwa hamsini na tano kamili, lakini magurudumu yaliongeza nne. Marguerite akashikilia kwamba magurudumu ni miguu, na mizigo haipimwi miguu. Nikamwambia kila kitu hupimwa pamoja na miguu yake, ndiyo maana mimi ni mfupi.

Tulikwenda kuupima uzito kwa Yudita, kwenye mizani yake ya ndoano anayopimia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ungekuwepo ungenionea haya. Yudita alipaza sauti ili wafanyabiashara wote wa plaji, pale ufukoni, wasikie, akaniuliza kama ninauza mbichi au nimeshaanika, na tangu lini samaki mukeke wa Waziri akaota magurudumu. Kamera mbili, lenzi tatu, flashi, betri na chaja zilifika kilo tano kasoro kidogo. Sanduku la Marguerite peke yake, tupu, lilikuwa kilo tatu. Yaani nusu ya safari ningebeba sanduku badala ya kamera. Dismasi, mvuvi wa Magara, alikuwa amekaa pale, akanihurumia, akanitolea mfuko wake wa mgongoni, mzuri, wenye vyumba vingi. Akaniapia kwamba umefuliwa. Umefuliwa ziwani, dada. Niliunusa nikamwambia mbwa wa uwanja wa ndege hawatanikamata, ila wataniomba ugali.

Mwishowe nilikwenda kwa Hakimu, fundi cherehani wa karibu na msikiti. Alinishonea begi la mgongoni kwa bashi, lile turubai la lori, kijani, na vyumba vya ndani akavikata kwenye godoro kuukuu, kila lenzi na kitanda chake. Halina chuma wala magurudumu. Kwa nje ni baya kiasi kwamba hakuna mwizi atakayelitamani, na hiyo ni sifa kubwa kwa begi la kamera. Hamsini kwa thelathini na tano kwa ishirini, kilo moja na gramu mia. Ndege ikijaa, naweza kulikandamiza chini ya kiti bila kumwomba mtu radhi.

Hapo ndipo Hakimu akaniuliza kitu kinachokaa mfuko wa mbele kina ukubwa gani.

Nilimwonyesha kwa vidole. Upana huu, urefu huu, unene wa kadi ya harusi. Akapima vidole vyangu kwa utepe, akaandika kwa chaki. Akashona. Ndani akatia kitambaa laini cha kanzu kuukuu ili isikwaruzike, juu akaweka vifungo viwili, na alipomaliza akashika begi kwa mikono miwili akamwombea dua mtoto wa dada yangu. Nikamshukuru, murakoze, nikalivaa begi, nikatoka. Njiani watu wakanitania kwamba mzee amerudi shule, nami nikawajibu kwa utani, na sikusikia chochote. Si aibu, si huzuni. Mkono ule uliopima ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaufinya, haujibu. Hali hiyo haijanitoka hadi leo. Nakula, nalala, napiga picha za pasipoti, watu wanasema nimetulia.

Dada, hakuna negatifu.

Haikuungua wala haikupotea. Haijawahi kuwepo.

Idi ile ya mwaka 2002 ulikuwa jikoni kwa mama, ukamtuma Abasi kwangu na kanzu yake mpya. Foleni ya watoto ilifika barabarani. Siku zile njia ya Bujumbura ilikuwa ya risasi, filamu haziji, nami nilikuwa na moja tu. Zilikuwa zimebaki picha tatu zamu yake ilipofika. Wapiga picha wa wakati ule tulikuwa na ujanja wetu, tukauita picha ya hewa. Mtoto haondoki bila kuona mwanga. Basi unamsimamisha vizuri, unamwambia asitikisike, unabonyeza kitufe cha flashi peke yake. Mwanga unatoka, filamu haisogei, mtoto anakwenda amefurahi. Baadaye unasema iliungua. Nilimtazama Abasi, nikatazama watoto wa watu nyuma yake, nikasema moyoni: huyu ni wa kwetu, huyu nitampiga siku yoyote.

Siku kumi na moja baadaye homa ikamchukua.

Arobaini yake uliniuliza picha, nikasema filamu iko Bujumbura inaoshwa. Uliponiuliza tena, nikasema karatasi za kusafishia picha zimekwisha, lakini negatifu ninayo. Kisha mkavuka kwenda Tanzania, kambini, kisha Kanada, na uongo wangu ukasafiri nanyi bila viza. Mwaka jana ziwa lilipoingia studio ulinipigia unalia, unauliza kama imepona. Fikiria: ziwa lenyewe lilikuwa limeniletea uongo mpya hadi mlangoni, kazi yangu ilikuwa kuinama niuokote. Ningesema maji yameila, basi. Nikafungua mdomo, nikasikia pumzi yako, nikasema iko salama juu ya kabati. Nikacheka. Ukamshukuru Mungu. Na mashine za uwanja wa ndege unazoziogopa, dada, haziidhuru negatifu iliyokwisha kuoshwa, nilijua, sikukusahihisha. Isiyokuwepo haidhuriwi na kitu.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii kwenye mfuko ule, ufungue mwenyewe uwanjani, mimi nimesimama mbele yako. Jana nilimwambia Hadija yote, yeye wa kwanza. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema hiyo itakuwa picha ya hewa ya pili. Ndiyo maana naituma mbele, uwe na siku zako za kunitukana bila kulazimika kunipikia.

Kitu kimoja ninacho, nami nakupa kama kilivyo. Kwenye kioo cha kamera nilimwona. Nilimwona vizuri, maana kazi yangu ilikuwa kumtazama. Kanzu ilikuwa ndefu, ulikuwa umeikunja chini ukaibana kwa pini mbili, na moja ilikuwa imefunguka. Kofia imelalia sikio la kushoto. Mkono wa kulia ameshika kitumbua kilichoumwa. Nilimwambia akiweke chini, akakataa, akasema watakila wenzake. Alikuwa amefunga mdomo kwa nguvu kuficha pengo la jino la mbele. Nikamwambia waziri anaona kila kitu, hata meno yaliyotoroka. Akacheka, ulimi ukachungulia pengoni. Nyuma yake lile pazia langu lenye maporomoko ya maji, ambayo ulikuwa unasema yanafanana na nyuzi za tambi. Mwanga ulipotoka, alifumba macho. Nikuambie kweli yote: hata ningempiga, angetoka amefumba macho.

Kisha aliniuliza, mjomba, nimetoka? Nikamwambia umetoka vizuri.

Nilidhani nikifika hapa machozi yatakuja, nikaweka leso karibu. Leso iko kavu. Hadija amepita, ameiona, ameiondoa akafutie sahani.

Picha za harusi ya Sabrina naweza kuzipiga, hilo bado naliweza, na filamu haiishi siku hizi. Mfuko wa mbele nitauacha mtupu. Sitatia chaja wala pasipoti wala karanga za njiani. Ikiwa hutaki nije, hakuna ubaya. Sabrina atapata mpiga picha mrefu kuliko mimi, na begi litabaki msumarini, nitamwambia Hakimu ndege zimebadilisha vipimo. Huo utakuwa uongo wangu wa mwisho, niachie huo. Ikiwa unataka nije, usiniambie umenisamehe, maana sitajua neno hilo niliweke wapi. Nipigie tu kama kawaida yako, kabla ya salamu, uniulize begi lina kilo ngapi. Nitajua.

Nisalimie shemeji, umwambie Dismasi bado anamngoja kwa ule mchezo wa bao aliokimbia akisingizia vita. Msalimie Sabrina, umpe barua hii akitaka kuisoma. Abasi ni kaka yake. Wote wa huku wanakusalimu, wakubwa kwa wadogo, na kaburi tunalifagia kila Ijumaa.

Nimalizie kwa jina ambalo mtaa mzima tuliliacha siku tulipotoka makaburini, nami niliogopa kuliko wote kulitamka. Lina kilo sita, Mama Abasi.

Ni mimi mdogo wako,
Waziri
mjomba wa Abasi na Sabrina