Dakika Zako Mbili za Mwanzo

Ekisa rafiki yangu,

Ni mwezi wa tano tangu tukuzike Angurai, na bado nakuonea wivu. Nilidhani wivu unakwisha mtu akishafukiwa. Wapi!

Unaikumbuka siku tulipoonyesha filamu yetu kwa mara ya kwanza, pale ukumbi wa kanisa, Chakol? Mwaka mzima nilikuwa nimezunguka na kamera kwenye foleni ya malori Malaba, nikimfuata yule mama muuza chai kwenye vumbi hadi nikapata kikohozi. Wewe ulitengeneza dakika mbili tu za mwanzo. Ulichora majina yetu kwa rangi nyeupe kwenye turubai za malori, na foleni ikisogea, jina linaingia, linapita, linatoka. Juu yake ukapiga akogo ya babu yako, ile kalimba yake ya vyuma, kwa vidole gumba. Sauti tatu, kimya, sauti tatu tena. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata watoto. Kisha mzee mmoja akapaza sauti: "Boss, rudisha hiyo mwanzo tuone tena!" Wakapiga makofi. Mwanzoni! Filamu yangu haijaanza hata. Nilitabasamu, lakini moyoni niliungua.

Ulinieleza baadaye: "Nabwire, watu wametoka soko, kichwa iko na kelele. Wacha nikalishe wao kwanza." Nikasema hayo ni maringo.

Sasa usikasirike kabla sijamaliza. Ulipokufa, niliitoa sehemu yako. Nikaweka maandishi ya kawaida juu ya weusi, na kinanda nilichokitoa mtandaoni. Jina lako nikalipeleka mwisho kabisa. Nilijiambia filamu imekuwa safi. Uongo mtupu. Nilitaka makofi yawe yangu.

Juzi nikaionyesha Chakol tena. Mama yako alikuja kutoka Angurai na kitenge chake cha kanisani, akakaa mbele. Maandishi yangu yalipita watu wakiongea habari za mahindi. Na yule muuza chai wa filamu alipomwaga sufuria yake, pale ambapo mara ya kwanza watu walilia, walicheka. Ekisa, walicheka! Na pale sikuwa nimegusa kitu. Ni vile hakuna aliyewakalisha.

Mwisho ulipokaribia watu wakaanza kuinuka, migongo ikaziba picha. Mama yako alinyoosha shingo huku na huku. Kisha akaniuliza, taratibu: "Nabwire, jina ya mtoto wangu imepita wapi?" Nikamwambia limepita haraka. Akasema, "Sawa. Ni macho yangu ndio mbaya."

Nililia njia nzima hadi nyumbani. Nililia kwa aibu, na nisikudanganye, pia kwa hasira kwamba umekufa na bado umenishinda.

Leo asubuhi nimezirudisha dakika zako mbili, na akogo yako, vyote. Kinanda nimekifuta. Jumapili ninaipeleka Angurai. Nitamkalisha mama yako mbele, mahali hapana mgongo wa mtu, na lori lenye jina lako likianza kusogea nitamshika mkono mpaka lipite lote. Najua watapiga makofi hapo hapo, kabla yangu. Nitanuna, lakini nitapiga nao.

Pumzika, mwizi wa makofi yangu.

Nabwire