Mafundi Arobaini wa Baba

Jumanne, 14 Oktoba

Baba karudi kutoka soko la jumla la Yiwu anacheka peke yake. Bi Halina, mnunuzi kutoka Poland, kaupenda mwavuli wetu! Anataka miavuli elfu ishirini. Ila wauzaji watatu tunamgombania, na Jumamosi atatembelea karakana zote ndipo achague. Mkalimani wa Kiingereza? Mimi. Mimi ninayeona haya kusema hata dukani, ninayenunua maziwa kwa kuonyesha kidole!

Tukikosa kazi hii, Baba anafunga karakana kabla ya Mwaka Mpya. Kalisema hilo huku anamenya chungwa, hakuniangalia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bi Halina kauliza kwa ujumbe wa simu tuna mafundi wangapi. Baba kajibu: arobaini. Tuna tisa!

Mama hakugomba. Kaanza kupigia ukoo mzima. Hapa kwetu kila mtu hufanya hivyo akija mnunuzi mgeni — unaazima ndugu, unawapa aproni, unawalisha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mazoezi. Mjomba Guofu, dereva wa lori, kashona mwavuli na mkono wa shati lake pamoja. Bibi kavalishwa koti jeupe: mkaguzi wa ubora. Anafungua mwavuli, anaguna, anafunga.

"Na wewe bubu," kaniambia, "ada yote ile ya Kiingereza, kesho uiteme!"



Jumamosi, 18 Oktoba

Saa tisa alasiri. Nimejifungia chooni.

Yote yalikwenda vizuri. Cherehani zilinguruma, Bibi aliguna kitaalamu. Kisha Bi Halina kanivuta pembeni. Kasema yule mwenye sharubu alikuwa fundi kwa jirani yetu Chu, mmoja wa wale wauzaji watatu, asubuhi hii. Mjomba! Kumbe Chu naye kamwazima, akala huko kwanza!

Hakukasirika. Kasema anajua mchezo huu, ila anataka kujua nani hasa atamshonea, apange muda. "Wenzenu wawili nimewauliza, wamenijibu haraka mno. Wewe niambie. Wa kwenu kweli ni wangapi?"

Nikaomba kwenda chooni.

Baba anagonga. "Kakuuliza nini? Chochote kile, mwambie ndiyo!"

"Siyo swali la ndiyo, Baba."

"Basi mwambie ndiyo sana!"

Nimevuta maji mara tatu. Tisa — kwa Kiingereza ni neno moja tu, fupi. Nimelijaribu kwa sauti ndogo. Limetoka vizuri, hata halikutetemeka.

Nasikia visigino vya viatu vya Bi Halina vinakuja. Nafungua mlango, nimwambie —