Mistari ya Lango la Boma

Alhamisi, Tukuyu

Kiuno kinaniuma. Kutwa nzima nimepima na kuchora lango la boma la Mjerumani, mvua ikininyeshea, ili libaki kwenye kumbukumbu, maana kesho mnunuzi wake anaanza kulipiga plasta liwe duka la mitumba.

Nilikuwa nafunga daftari Bibi Tusekile wa Bulyaga alipoingia chumba cha walinzi cha hapo langoni. Akapapasa mikwaruzo ukutani niliyodhani ni nyufa tu.

"Baba alifungwa humu. Kila siku alichora mstari. Umeiandika mistari hii?"

Nikaona aibu. Nikafungua daftari, nikachora mstari baada ya mstari, kidole chake kikiniongoza.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru.

Mnunuzi nimemsihi auache ukuta ule. Amekataa.

Nimechoka. Ila daftarini, chini ya mistari, nimeandika jina la baba yake Bibi Tusekile, alilonitajia.