Kumi na Tisa, Halafu Tatu

Runingu, 14 Mei 2024

Shemeji Toussaint,

Leo asubuhi mama amepoteza nafasi yake kwa muuguzi. Salamu kwako, kwa Noella na watoto. Hapa mzima ni miye peke yangu.

Muuguzi wa wagonjwa wa huzuni amesoma majina, la mama hakuna. Anasema mara ya kwanza nyinyi wa utafiti mulimuuliza mukapata alama kumi na tisa, mulipomurudilia, tatu. Eti amepona.

Amepona nini? Tangu tumzike kaka Luc, anageukia ukuta. Ugali wa jana uko kwenye sahani. Miye nauza mchele Kavimvira: mzani ukisoma kumi na tisa, halafu tatu, sisemi gunia limekonda. Natazama nani ameegemea mzani.

Nani alikuja mara ya pili?

Shemeji yako,
Élisabeth

Uvira, 16 Mei 2024

Shemeji Élisabeth,

Motari wa pikipiki amenifikishia barua. Sisi wazima, mafua tu kwa mtoto. Pole ya mama.

Kazi yetu ni kupima maswali yenyewe: tunauliza tisa, kila moja lina alama hadi tatu, baada ya wiki mbili tunauliza yale yale, tuone kama majibu yanashikamana. Matibabu hufuata majibu ya mwisho. Ni sheria ya biro, ofisi yetu ya utafiti, si yangu. Mama alijibu mwenyewe, mbele ya muulizaji.

Shemeji yako,
Toussaint

Runingu, 17 Mei 2024

Shemeji,

Habari ya mafua? Hapa ni vile vile.

“Mbele ya muulizaji”, kama vile hana jina. Mama amesema: ni weye.

Ornella, aliyeuliza mara ya kwanza, alikuwa mgeni, mama akamlilia. Halafu ukaketi weye, mkwewe, ukamuuliza habari ya usingizi wake na kama anatamani kufa. Tangu uoe Noella, umeshamuona akila mbele yako? Akikukuta njiani anafunika kichwa anapita pembeni. Weye Mfuliiru kama sisi, ulitaka akujibu nini? “Niliona haya, nikasema hapana, hapana, ili aende.” Uchovu peke yake ndio alikubali, akasingizia shamba. Ndiyo hiyo tatu yenu.

Élisabeth

Uvira, 21 Mei 2024

Shemeji,

Nisamehe kuchelewa. Mtoto amepona.

Ornella alipelekwa Mutarule, na shefu wetu wa kazi alitaka karatasi za Runingu ziishe. Tumekatazwa kuuliza ndugu. Sikuandika kwamba ni mama mkwe wangu. Nikisema sasa, kontra yangu ya kazi imekatika, na Noella hajui lolote. Tungoje utafiti uishe mwezi wa sita, nitamleta mama Uvira miye mwenyewe. Mwezi mmoja tu.

Toussaint

Runingu, 22 Mei 2024

Shemeji,

Nafurahi mtoto amepona.

Jana mama amegawa vitenge vyake. Vyote. Jirani yetu Eliane alipokea akicheka, akidhani ni ukarimu. Dawa ya wadudu wa shamba nimeitoa nyumbani. Nimefunga duka, simuachi peke yake hata akienda kisimani.

Unaniambia mwezi. Muuguzi anarudi hapa Ijumaa, halafu haji tena hadi Agosti. Nimemsihi, anasema jina linarudi kwa barua ya biro tu, na biro haifuti ile tatu bila weye kusema uliipataje.

Kontra ikikatika, Noella na watoto watakula kwangu, na weye utabeba magunia. Hilo nimeshalipanga. Mama ndiye sina namna ya kumpanga.

Kesho Alhamisi, saa sita mchana, motari atakuwa mlangoni pa biro. Usimpe maelezo, usimpe pole. Umemwambia shefu, ndiyo au hapana?

Élisabeth