Cheni za Sanduku Lako

Machi 4, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Karakana yetu ya baiskeli ya mtaa imejaa vipuri vikuukuu mpaka mlangoni, na tumekubaliana ziada ije kwako. Kuchambua ni kazi yangu: cheni nzima naifunga uzi mweupe, iliyochoka inakwenda kwa watu wa chuma chakavu.

Jana nilikupakilia sandukuni zilizochoka. Mama anayetushonea siti aliniona.

"Mzee, huyo ndugu yako kakukosea nini?"

"Nilipoondoka alimwoa mchumba wangu. Na hakuna barua asiyomsifia humo."

"Haya. Na hapo kwao baiskeli anapanda nani?"

Uliniandikia mwenyewe kwamba mkeo huipanda kila asubuhi, na ule mteremko wa nyumbani naujua; si pa kukatikiwa na cheni.

Leo nimelifungua sanduku na kutia cheni nzima zote, bora kuliko tulizobakiza hapa. Usinishukuru, si kwa ajili yako.

Unasema nirudi, chumba changu bado kipo. Nakikumbuka: kinatazamana na chenu, na kicheko chake kinapenya ukuta wowote.

Sitarudi.

Kaka yako