Nimeigiza giaboksi kwenye usaili

Shoga, nimeumbuka. Ndiyo kwanza natoka kwenye usaili.

Gari la mama, lile la otomatiki, limeanza kugoma kubadili gia njiani. Nimefika, nikampigia fundi. Ananiambia, "Dada, sitibu mgonjwa nisiyemsikia. Hebu igiza sauti yake."

Nikaigiza. Mimi na stashahada yangu ya Kiswahili, nimesimama koridoni nanguruma.

"Hiyo gia ya pili. Ikiingia ya tatu?"

Nikajitikisa, nikapiga mluzi. Nilijitikisa kweli, shoga, na mkoba begani.

Kumbe mlango uko wazi. Wasaili wawili wananitazama. Na kazi yenyewe ni ile ya kusoma habari redioni, niliyoililia mwaka mzima.

Nikaingia kichwa chini. Mzee akavua miwani. "Binti, mluzi unakuja kabla ya mtikisiko au baada?"

"Baada, mzee."

"Langu kabla."

Mama aliyekaa naye akasema lake linaguna tu. Akaguna. Fundi, ambaye sikuwa nimemkatia simu na spika iko wazi, akadakia: "Huyo anayeguna, mafuta ya gia yameungua. Asiliwashe."

Robo saa nzima hivyo. Hata jina hawakuniuliza. Kama nimepata kazi sijui, ila fundi kapata wateja wawili.